Bima ya Gereji: Gari la Mteja Likiungua, Nani Atalipa?

Wenye gereji wengi Kitale na Bungoma wanapotafuta bima huanza na mali yao: kontena, mashine ya kuchomelea, kompresa na vipuri. Hilo ni jambo jema, lakini mara nyingi kitu cha thamani kubwa zaidi uani si mali ya fundi. Ni gari la mteja. Msimu wa mavuno, trekta moja ya mkulima wa Endebess inaweza kuwa na thamani kuliko vifaa vyote vya gereji inapotengenezwa. Huko Bungoma, lori lililoharibika likielekea Malaba ni vivyo hivyo.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei ya bima, mwenye gereji ajiulize maswali matatu. Nani anaweza kuumia hapa? Ni mali ya nani inayoweza kuharibika? Na ni hasara gani ambayo biashara haiwezi kuilipa yenyewe ikabaki imesimama?

Wafanyakazi: bima hii si hiari

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inamtaka kila mwajiri awe na bima ya kuwafidia wafanyakazi wanaoumia kazini. Mwanagenzi anayejifunza kazi pia anahesabiwa kuwa mfanyakazi.

Kwa ulemavu wa kudumu, fidia hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Fundi anayelipwa Sh15,000 kwa mwezi, akiangukiwa na gari lililoponyoka kwenye jeki na asiweze kufanya kazi tena, fidia yake ni Sh1,440,000. Bila bima, mwajiri ndiye anayedaiwa pesa hizo. Michango ya SHA na NSSF haichukui nafasi ya bima hii.

Ajali ikitokea, mwajiri ana siku saba za kuiripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mtu akifariki, taarifa itolewe ndani ya saa 24.

Magari ya wateja

Hapa ndipo wengi hukosea. Bima ya moto ya gereji kwa kawaida hulipa mali ya mwenye gereji peke yake. Bima ya dhima, ile inayolipa mtu mwingine anapopata hasara kwa sababu ya biashara yako, mara nyingi huacha nje mali iliyokabidhiwa gereji. Fundi anaweza kuwa na bima zote mbili, cheche za kuchomelea zikaunguza pikapu ya mteja, na kampuni ya bima isilipe kitu.

Wengine hudhani bima ya mteja itatosha. Ikiwa gari lina bima ya mtu wa tatu pekee, bima hiyo hailipi gari lenyewe. Hata likiwa na bima kamili, kampuni iliyomlipa mteja inaweza kuigeukia gereji na kudai pesa zake, ikiwa uzembe wa fundi ndio uliosababisha hasara.

Mwenye gereji aombe kinga inayotaja wazi magari ya wateja yaliyo mikononi mwake. Kiwango chake kipimwe kwa siku ambayo ua umejaa, si kwa siku ya kawaida.

Kulijaribu gari barabarani

Fundi anayetoka Kitale hadi Kiminini kusikiliza gia yuko nje ya ua, na bima inayotaja eneo la gereji pekee haitamfuata huko. Kuna bima maalum kwa wanaofanya biashara ya magari, ambayo inaweza kugharamia safari kama hizo. Ni lazima ijulikane ni nani anayeruhusiwa kuendesha, na awe na leseni ya aina hiyo ya gari.

Vifaa na vipuri

Mali itajwe kwa thamani yake halisi. Tuseme vifaa ni vya Sh1,000,000, lakini mwenyewe amevikatia bima ya Sh600,000 ili alipe ada ndogo. Moto ukiteketeza vifaa vya Sh300,000, kampuni inaweza kulipa asilimia 60 tu ya hasara, yaani Sh180,000.

Bima ya wizi nayo kwa kawaida hutaka dalili za kuvunja. Vipuri vikitoweka bila kufuli kuguswa, au vikiibwa na mfanyakazi, huenda madai yakakataliwa.

Kabla ya kulipa

• Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya mwaka huu kutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Orodha iko kwenye tovuti yake.
• Lipa kwenye akaunti ya kampuni, si mfukoni mwa wakala, na uhifadhi risiti. Sheria hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo.
• Taja kazi zote zinazofanywa, hasa kuchomelea na kupaka rangi. Ukificha, madai yanaweza kukataliwa.
• Soma sehemu ya mambo yasiyolipwa, na uulize ni kiasi gani cha kila hasara utakachobeba mwenyewe.
• Weka daftari la kila gari linaloingia na kutoka, pamoja na picha zake. Nakala ikae nje ya gereji.

Pesa zikiwa chache, anza na wafanyakazi, kwa kuwa sheria inadai. Kisha kinga magari ya wateja, halafu vifaa vyako. Kompresa ikiungua inaweza kununuliwa nyingine polepole. Deni la trekta ya mtu linaweza kufunga gereji kwa siku moja.