Seramu Isiyo na Manukato kwa Uso Unaochonyota

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kijitabu hiki ni cha mtu ambaye uso wake haupokei kila kitu. Akibadilisha sabuni, mashavu yanawaka. Akipaka krimu ya wifi yake jioni, asubuhi anaamka na vipele vidogo kwenye paji la uso. Jua la saa saba au moshi wa jikoni ukimpata, pembeni mwa pua na kwenye kope panawasha. Kila anayemwonea huruma ana dawa ya kumpa: limau, dawa ya meno, liwa yenye marashi, krimu iliyochanganywa na jirani. Ushauri wetu unakwenda upande mwingine. Uso wa namna hii unataka kupunguziwa vitu, na cha kwanza cha kupunguza ni manukato.

Seramu ni kipodozi chepesi cha majimaji. Huuzwa katika vichupa vidogo, aghalabu vya mililita 30, na hupakwa matone machache kabla ya krimu ya kulainisha. Iliyotengenezwa vizuri huipa ngozi unyevu na kuituliza bila kuacha mafuta mengi usoni, jambo linalowafaa wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa ambao krimu nzito huwatoa jasho. Tatizo ni kwamba maduka ya vipodozi yamejaa vichupa vyenye jina hilo ambavyo kazi yake ni nyingine kabisa, na ngozi nyepesi kuudhika ndiyo huumia mapema.

Dalili kwenye ngozi nyeusi

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba sana. Limepangwa kama makuti ya paa, seli juu ya seli, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vya nje visipenye. Mafuta hayo yakioshwa kila siku kwa sabuni kali, au yakiharibiwa na vipodozi vinavyochubua, ngozi hukauka na chochote kinachopakwa huingia kirahisi kuliko kilivyopaswa. Wengine wamezaliwa na udhaifu huo, hasa waliougua pumu ya ngozi utotoni au wenye ndugu wa damu wenye pumu ya kifua.

Maelezo mengi ya vipodozi yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na husema ngozi iliyoudhika huwa nyekundu. Kwetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Mtu anajitazama kwenye kioo, haoni kitu, anaamini uso umevumilia, anaendelea kupaka. Basi sikiliza uso kabla ya kuutazama. Je, unachonyota ukipaka? Unakaza baada ya kunawa? Ukipitisha kidole, unahisi chenga chenga au vipele ambavyo jicho halijaviona? Ngozi ina weupe weupe wa ukavu ingawa ulipaka mafuta asubuhi? Hizo ndizo dalili zetu.

Ukizipuuza, baada ya wiki kadhaa yanatokea madoa meusi. Ngozi nyeusi ikiwashwa, ikikwaruzwa au ikiungua kidogo, huacha rangi nzito pale palipoumia. Hapo ndipo wengi hupotea njia: badala ya kuondoa kilichoudhi, wananunua cha kung'arisha. Cha kung'arisha kinaudhi zaidi, madoa yanaongezeka, na mtu anatafuta kikali kuliko cha kwanza. Madoa mengi ya namna hii hufifia yenyewe kwa muda wa miezi iwapo ngozi itaachwa ipumzike na kukingwa na jua. Tunaomba jambo hili lisemwe nyumbani, hasa kwa mabinti wanaoanza kununua vipodozi kwa fedha zao wenyewe.

Kwa nini manukato

Pwani yetu inapenda harufu nzuri, na ni haki yake. Udi ufukizwe nguo, asumini isukwe kikuba, marashi yanyunyizwe kwenye mtandio. Uso tu ndio tunaouombea likizo, kwa sababu kinachopakwa pale hukaa kutwa nzima, karibu na kope ambazo ngozi yake ni nyembamba kuliko sehemu nyingine za mwili.

Manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa vipodozi. Neno moja kwenye lebo, "Parfum" au "Fragrance", linaweza kuficha mchanganyiko wa makumi ya kemikali. Baadhi yake, kama zile ziitwazo "Limonene" na "Linalool", huwa kali zaidi zikishakutana na hewa, kwa hiyo kichupa ambacho hakikukusumbua kilipofunguliwa kinaweza kukusumbua baadaye. Mzio nao hauna haraka. Mtu anaweza kupaka kitu kilekile miezi au hata miaka bila shida, kisha mwili ukakikataa. Na ukishakikataa, kwa kawaida hautabadilisha tena msimamo. Ndiyo maana hoja ya "nimekitumia siku zote" haimwondolei lawama mshukiwa.

Usidanganyike na asili. Mafuta ya karafuu yana "Eugenol", mchaichai una "Citral", waridi lina "Geraniol" na "Citronellol", na mafuta ya mlangilangi wa Komoro, yanayopendwa na viwanda vya manukato duniani, yamo kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta mzio. Ngozi haijui kama kemikali imetoka shambani au kiwandani. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza mwaka 2005 kuvilazimisha viwanda kutaja kwa majina vitu 26 vya manukato vinavyoleta mzio pale vinapozidi kiwango fulani, na sheria ya mwaka 2023 imeiongeza orodha hiyo ikapita 80. Majina hayo huwa mwishoni mwa orodha ya viambato, kwa maandishi madogo.

Kugeuza kichupa

Mteja anauliza, "Dada, hii haina manukato?" Muuzaji anafungua kifuniko: "Nusa mwenyewe, mpenzi, haina harufu kabisa." Hana nia mbaya, lakini pua haitoshi. Viwanda vingine huongeza manukato kidogo ili kuua harufu ya malighafi, na bidhaa kama hiyo yaweza kuandikwa "Unscented". Unalotafuta ni "Fragrance-free", kisha ugeuze kichupa uhakikishe kwamba "Parfum", "Fragrance", "Aroma" na mafuta ya maua hayamo. Kinyume chake pia ni kweli: seramu nzuri isiyo na manukato huweza kunukia kidogo kama gundi au unga wa shayiri. Harufu hiyo si dalili ya kuharibika.

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, mpaka vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo huweza kufuatana vyovyote. Kwa uso unaochonyota, orodha fupi ni bora kuliko ndefu. Furahi ukiona karibu na mwanzo "Glycerin", yaani gliserini, ambayo huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Ni ya bei nafuu na ni ya kuaminika kuliko vingi vinavyotangazwa kwa mbwembwe. "Panthenol", "Allantoin" na shayiri, iliyoandikwa "Avena sativa", hutuliza. "Sodium hyaluronate" huongeza unyevu. Majina yanayoanza na "Ceramide" ni ya mafuta yanayofanana na yale ya ngozi yenyewe. "Niacinamide" husaidia ngozi kujijenga na hupunguza madoa polepole, lakini chagua yenye asilimia 2 hadi 5. Zile za asilimia 10 zinazosifiwa sana huwachonyota wengi wenye ngozi nyepesi.

Mengine yaache dukani mpaka uso utulie: "Alcohol denat" ikiwa juu kwenye orodha, "Menthol", kafuri, mkaratusi, asidi za kuchubua kama "Glycolic acid", na "Retinol", ambayo mjamzito hapaswi kuitumia hata kama ngozi yake ni imara. Usiogope "Cetyl alcohol" au "Cetearyl alcohol". Hizo ni za mafuta na hulainisha. Wala usikimbie kila kihifadhi. Kipodozi chenye maji kisicho na kihifadhi huota bakteria na ukungu, hasa kwenye joto letu, na ndiyo sababu hatushauri seramu za kuchanganya jikoni. Kihifadhi cha kuepuka ni "Methylisothiazolinone", ambacho Ulaya imekipiga marufuku tangu 2017 kwenye vipodozi vinavyoachwa mwilini bila kuoshwa.

Mkorogo wenye jina jipya

Hapa hatutapunguza maneno. Baadhi ya vichupa vinavyoitwa seramu ya kutakatisha ni mkorogo uleule wa kuchubua ngozi, na huweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki huingia kupitia ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto anayelala kifuani pa mama au kushika taulo lake. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka ukomo wa vipodozi vyenye zebaki, na nchi wanachama zikakubaliana mwaka 2023 kuviondoa vyote, hata vyenye kiasi kidogo, ifikapo 2025. Kwenye lebo zebaki huitwa "Mercury", "Calomel" au "Mercuric iodide", lakini wanaoitia mara nyingi hawaiandiki.

Steroidi, kama "Clobetasol", ni dawa halali inapotolewa na mtabibu kwa muda mfupi. Usoni, kwa miezi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta chunusi na vinyweleo, na mtu akiacha uso unawaka moto kiasi cha kumrudisha kwenye kichupa. Wengi wanaojiona wamezaliwa na ngozi nyepesi walitengenezewa wepesi huo hivi.

Basi seramu isiyo na orodha ya viambato, isiyotaja kiwanda, iliyopimwa kutoka dumu kubwa, au inayoahidi weupe kwa siku tatu, usiipake wala usiigawe. Tanzania Bara vipodozi vinasimamiwa na TBS tangu 2019, Zanzibar kuna ZFDA, na Kenya kuna KEBS. Taarifa ya mteja mmoja kwa mamlaka hizi huweza kuokoa mtaa mzima.

Jaribu mkononi kwanza

Ukishanunua, usianze na uso. Paka tone moja kwenye kikunjo cha ndani cha kiwiko, mahali palepale, asubuhi na jioni, kwa siku 7 hadi 10. Tunajua ni muda mrefu kwa mtu mwenye kichupa kipya mkononi, lakini mzio huchelewa, na doa la kiwiko hufichika kuliko la shavuni. Pakiwasha au pakiota vipele, osha na uache. Pakitulia, paka upande mmoja wa taya karibu na sikio kwa siku chache, ndipo uende uso mzima. Anza kitu kipya kimoja kwa wakati; ukianza vitatu pamoja hutajua kipi kimekuudhi.

Nawa kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi. Sabuni ya kipande, na zaidi sabuni ya mche ya kufulia, ni kali kwa uso: ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH ya 5 hivi, na sabuni hizo hufika 9 au 10. Futa kwa kugusisha taulo bila kusugua, paka matone mawili au matatu uso ungali na unyevu, kisha funika kwa krimu ya kulainisha isiyo na manukato. Kwa wakazi wa Njombe, Limuru au Dodoma, kwenye baridi au upepo mkavu, hatua hiyo ya kufunika ndiyo muhimu kuliko seramu yenyewe. Mchana ongeza kinga ya jua au kofia pana. Kidondoshi kisiguse ngozi, kichupa kisikae dirishani, na alama ya kopo lililofunguka yenye 6M au 12M ni idadi ya miezi ya kukitumia tangu kilipofunguliwa.

Na kama fedha haitoshi? Seramu si lazima. Nunua gliserini safi duka la dawa, changanya matone machache na maji kwenye kiganja kila unapotaka kupaka, usiihifadhi ikiwa imeshachanganywa na maji, kisha pitisha juu yake mafuta mepesi ya mgando yasiyo na harufu. Soma kopo hilo pia, maana mafuta mengi ya watoto yametiwa manukato.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Kope au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ngozi ikitoa maji, ikiuma au ikiota usaha, usisubiri wiki ipite. Baka lililopauka ambalo halihisi chochote likiguswa kwa pamba, lipeleke likapimwe ukoma, ambao unatibika na dawa zake hutolewa bure. Upele unaotanda pua na mashavu yote mawili pamoja na maumivu ya viungo na uchovu unahitaji daktari, wala hakuna seramu itakayoutibu. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi tangu miaka ya 1990, na wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi mbalimbali za Afrika. Uliza hospitali ya mkoa au kaunti yako kama yupo mmoja.

Siku ya kwenda, usipake kitu usoni. Beba vichupa vyote unavyotumia pamoja na maboksi yake, hata vile vya kuazima na vile vilivyopimwa bila lebo. Mkorogo uutaje bila haya. Mtabibu akijua kuna steroidi, atakupunguzia hatua kwa hatua ili uso usiwake; asipojua, huenda akakutibu chunusi ambayo mkorogo huohuo unaiotesha.