Piramidi Ilijengwa na Nani?

Katika maajabu saba ya ulimwengu wa kale, moja tu lingali limesimama: Piramidi Kubwa ya Giza, nchini Misri. Ilijengwa yapata miaka 4,500 iliyopita iwe kaburi la Mfalme Khufu. Kimo chake kilikuwa kama meta 146, na mawe yake yakadiriwa kuwa 2,300,000.

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika katika mtihani kwamba wajenzi wake walikuwa watumwa, nikapewa alama. Leo nairudisha alama hiyo. Tangu mwaka 1990 wataalamu wamefukua makaburi ya wajenzi karibu na piramidi yenyewe. Mifupa mingine ilivunjika ikaungwa vema. Je, mtumwa angetibiwa hivyo, kisha azikwe kwa heshima jirani na mfalme?

Tena, mwaka 2013 yalipatikana maandishi ya msimamizi mmoja, Merer. Aliandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyochukua mawe kwa mashua kutoka Tura hadi Giza.

Basi ninyi mnaongojea mtihani, andikeni hivi: ilijengwa na wafanyakazi, raia wa Misri. Na mkimtaja Khufu, mtajeni na Merer.