Usilipe au Si Lazima Ulipe?

Tuseme fundi seremala amemaliza kabati la mteja mgeni. Mteja anamtumia ujumbe kwamba benki imefungwa, hela hana. Fundi, kwa roho yake nzuri, anamjibu: "You must not pay today." Moyoni alikusudia kumwambia asihangaike, si lazima alipe leo. Mteja anasoma amri: marufuku kulipa leo! Anabaki kujiuliza amekosa nini.

Kosa hili lina asili yake. Darasani tulikaririshwa kwamba "must" ni lazima na "not" ni si, basi tukiviunganisha tunapata "si lazima". Kiingereza hakiendi hivyo. Katika "must not" ukanushi hauligusi neno lazima, unaliangukia tendo lenyewe: lazima usilipe. Anayetaka kuuondoa ulazima husema "don't have to" au "don't need to". Fundi wetu alitakiwa aandike: "You don't have to pay today." Asijione mjinga. Wajerumani nao hujikwaa papa hapa, maana katika lugha yao ndugu yake "must" akikanushwa huwa na maana ya si lazima, kama kwetu.

Kwenye meseji utacheka yakaisha. Kwenye karatasi ya dawa hakuna kicheko. "You must not drive" ni katazo: umeze dawa, funguo za gari uziache. Aliyeielewa kuwa si lazima aendeshe ataona ana hiari, na atawasha gari. Mkataba wa kazi nao ni hivyo hivyo. "You don't have to work on Friday" inakupa hiari ya kupumzika Ijumaa. "You must not work on Friday" inakufungia mlango.

Kabla ya kuandika, jisemee kwanza kwa Kiswahili. Ikikutoka "usilipe", tumia "must not". Ikikutoka "si lazima ulipe", tumia "don't have to".

Afadhali ipi?

Neno letu "afadhali" limebeba mizigo miwili. Ukisema "afadhali nitembee" kwa sababu daladala imejaa, unaeleza unachopendelea: "I would rather walk." Ukimwambia jirani anayekohoa wiki ya tatu "afadhali umwone daktari", hapo kuna onyo: "You had better see a doctor." Hiyo "had" isikudanganye, haizungumzii jana. Wenye lugha huzifupisha zote mbili, wakasema "I'd rather" na "I'd better", kwa hiyo sikio lako lingojee neno la pili.

Na uangalie unamwambia nani. "You had better pay me on Friday" akiambiwa mwajiri ni kitisho, hata ukitabasamu. Mwombe: "Could you pay me on Friday?"

Zamani na mazoea

Katika usaili wa kazi ya ulinzi, anayesema "I used to work at night" ameeleza kwamba zamani alikuwa akifanya kazi usiku, na siku hizo zimepita. Kama alitaka kusema amezoea kazi ya usiku, angesema "I am used to working at night." Tofauti ni kile ki-"am" kidogo na mkia wa "working", lakini msaili anaweza kumpita kwa hicho tu.

Tangazo lenye ndimi mbili

"May not" huwasumbua hata Waingereza. "Students may not leave early" yaweza kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuondoka mapema, au huenda wasiondoke mapema. Msomaji hana budi kutazama mazingira: likiwa limebandikwa getini, ni katazo. Wewe unayeandika tangazo usimwachie mtu kazi ya kubashiri. Kama unakataza, andika "must not". Kama huna uhakika, andika "might not".