Mpiganaji kama Msimulizi: Pemba, Mapinduzi ya 1964 na Mpaka wa Tawasifu na Riwaya

1.0 Utangulizi

Katika fasihi nyingi za dunia, askari aliyerudi kutoka vitani ameandika riwaya. Erich Maria Remarque wa Ujerumani, aliyepigana katika Vita Kuu ya Kwanza, ni mfano unaofahamika sana. Katika fasihi ya Zanzibar hali ni tofauti. Waandishi mashuhuri wa riwaya zinazohusu Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 hawafahamiki kama wapiganaji. Na mpiganaji aliyeandika kitabu hakukiita riwaya. Makala haya yanaichunguza tofauti hiyo kwa kuitazama Pemba. Hoja yetu ni kwamba kitabu cha mpiganaji sharti kisomwe kwa vigezo vya usimulizi kabla ya kutumiwa kama ushahidi wa kihistoria.

2.0 Kitabu cha Okello

John Okello, mzaliwa wa Lango huko Uganda, aliwasili Pemba mwaka 1959. Alifanya kazi za ujenzi, akaingia katika siasa, na mwaka 1963 akahamia Unguja. Wakati wa Mapinduzi sauti yake ndiyo iliyosikika redioni, akijitambulisha kuwa Fildi Mashali. Miezi michache baadaye alizuiwa kurudi Zanzibar. Kumbukumbu zake, Revolution in Zanzibar, zilichapishwa Nairobi mwaka 1967.

Kitabu hiki kinajitambulisha kama tawasifu, lakini fani yake ina mambo matatu yanayokikaribisha kwenye ubunifu. Kwanza ni sifa za mhusika mkuu. Msimulizi anajipa historia ya kupigana upande wa Mau Mau, dai ambalo wanahistoria wamelitilia shaka. Nacho cheo chake hakikutoka katika jeshi lolote la kawaida. Pili ni ndoto na sauti ya Mungu, ambazo humwelekeza kila anapokabiliwa na uamuzi mgumu. Mbinu hii twaijua katika tendi za Kiswahili: shujaa hupata idhini kutoka juu, na msikilizaji hana tena pa kuuliza swali. Tatu ni tarakimu. Idadi ya waliouawa na waliofungwa hutolewa hadi tarakimu ya mwisho, kana kwamba katika siku zile za ghasia palikuwa na karani aliyekaa akihesabu. Usahihi wa namna hii ni mbinu ya kumfanya msomaji asadiki.

3.0 Pemba isiyokuwa uwanja wa vita

Mapigano ya tarehe 12 Januari yalitokea Unguja. Katika uchaguzi wa Julai 1963 wapiga kura wengi wa Pemba walikuwa wameviunga mkono vyama vya ZNP na ZPPP, na asubuhi ile kisiwa chao hakikuinuka. Mapinduzi yaliwafikia baadaye yakiwa utawala: viongozi wapya, watu wenye silaha, na adhabu za hadharani. Hadithi ya shujaa huhitaji pambano. Mkulima wa mikarafuu wa Wete au Chake Chake, aliyepata habari kwamba serikali imebadilika, hana nafasi katika hadithi hiyo isipokuwa kama mtu wa kutiishwa. Zaidi ya hayo, kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza. Wengi wa waliotajwa ndani yake hawakuweza kukisoma wala kukijibu.

4.0 Jibu la riwaya

Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947. Mapinduzi yalimkuta kijana wa miaka 16. Katika Kiza Katika Nuru (1988) na Babu Alipofufuka (2001) hakusimulia vita, bali alisimulia yaliyofuata ahadi. Katika riwaya ya pili, babu aliyekwisha kufa anamrudia mjukuu wake mwenye madaraka na kumtaka ayaone aliyoyafanya. Hapa pia pana sauti kutoka ulimwengu mwingine. Lakini kwa Okello sauti humwidhinisha mwenye nguvu, na kwa Said humhoji.

Adam Shafi ametumia njia nyingine. Alikamatwa baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na katika Haini (2003) mateso ya gerezani yamekabidhiwa mhusika wa kubuni, Hamza. Kwa kulificha jina lake, mwandishi ameacha nafasi ya wafungwa wengine kujiona. Okello aliliweka jina lake mwenyewe katikati, na wengine wote wakawa pembeni.

5.0 Hitimisho

Haitoshi kusema kwamba tawasifu ni kweli na riwaya ni uzushi. Mtafiti anayekichukua kitabu cha Okello kwa ajili ya takwimu zake atakuwa amechukua sehemu iliyobuniwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Anayekisoma kama usimulizi ataona jinsi mtu aliyenyang'anywa Mapinduzi alivyojitahidi kuyarejesha kwa maandishi, na huo ni ushahidi wenye thamani yake. Ama Wapemba walioyapitia yale, kumbukumbu zao bado ni za mdomo kwa sehemu kubwa, na wenye kuzijua wanapungua kila mwaka. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuzikusanya, kwa lahaja ya wenyewe, kabla msimulizi mmoja hajabaki kuwa shahidi wa wote.