Mzee Anayepigana Usingizini

Katika maboma ya Oloipiri, kama mahali pengine, mke ndiye anayejua jinsi mumewe anavyolala. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba mzee aliyelala kwa utulivu miaka yote sasa anapiga kelele usiku, anarusha ngumi na mateke kana kwamba anamfukuza simba zizini. Wengine husema amerogwa, wengine hucheka. Sisi tunaomba jambo hili lisipuuzwe.

Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusitende tunayoyaota. Sehemu inayofanya kazi hiyo ikiharibika, mtu huitenda ndoto yake. Utafiti wa watu 1,280 wenye tatizo hili kutoka nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba katika miaka 12 karibu watatu kati ya kila wanne hupata ugonjwa wa Parkinson au mwingine wa jamii yake.

Parkinson ni nini?

Ni ugonjwa ambao seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa polepole. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, mwendo huwa mzito. Lakini vurugu za usiku, choo kigumu na kushindwa kunusa huweza kutangulia kwa miaka mingi. Ugonjwa ukiendelea, kujigeuza kitandani huwa shida, na mgonjwa husinzia mchana. Wagonjwa wanaopigana usingizini huelekea kudhoofika haraka zaidi, hasa kumbukumbu.

Tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Tufanye nini?

1. Ondoeni mkuki, sime na rungu karibu na kitanda. Mzee asilale karibu na moto. Mama alale kitanda kingine. Hiyo si aibu wala si ugomvi.

2. Msimfunge kamba wala kumpiga. Hatendi kwa kusudi.

3. Mpelekeni hospitali, na mama aende naye, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hajui anayoyafanya usiku. Kifafa na baadhi ya dawa huweza kuleta hali kama hiyo, kwa hiyo daktari lazima apime.

4. Msinunue dawa za usingizi dukani. Huweza kumlevya mzee akaanguka.

5. Akishapewa levodopa, asiiache ghafla. Haiponyi ugonjwa, lakini hulegeza viungo. Kutembea kila siku pia humsaidia.

Si kila anayeota vibaya ana Parkinson, na mpaka sasa hakuna dawa ya kuuzuia ugonjwa huu. Hata hivyo, familia inayojua mapema humkinga mzee asiumie, nao majirani hawatafuti mchawi. Basi, mama akisema, "Siku hizi baba ananipiga usingizini", tumsikilize.