Kuwatafuta Ndugu za Babu

Mtu wa Nyamwage atakaye kuwajua ndugu za babu yake na aanze kwa wazee walio hai, maana mzee akifa majina huzikwa pamoja naye.

Kwanza, tulitazame jina la baba. Juma Saidi na Asha Saidi huenda ni ndugu, hata kama Asha aliolewa mbali, akaitwa mama wa fulani.

Pili, tuulize: Je, ni wa tumbo moja? Kwa kuwa kaka yake babu naye huitwa babu, na mtoto wa ami huitwa ndugu, asiyeuliza atawachanganya.

Tatu, tupime miaka kwa mambo makuu. Baba yao alikuwa wapi katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 huko Umatumbi? Nao wenyewe, gharika ya Rufiji ya mwaka 1968 iliwakuta wapi? Baada yake watu wengi wa bondeni walihamishiwa vijiji vipya mahali pa juu, na jamaa wakatengana.

Basi tuandike leo jina, baba, mama na kijiji. Tusingoje matangani ndipo tuulize: Marehemu huyu alikuwa nani kwetu?