Ngazi itoe sabuni, nyuki itoe buji
Somo la kwanza la kutengeneza buji nene za mapambo



Kuna swali moja linalorudi mara kwa mara katika mikutano yetu: “Agronome, huko nje wanauzisha buji nzuri za nta ya ngazi. Sisi mafuta ya ngazi tuko nayo. Kwa nini tusitengeneze zetu?” Ni swali la maana, na nyuma yake kuna makuta. Kama wamama ishirini wanatoa likelemba ya miezi mitatu ili kununua bido za mafuta ya kugeuza kuwa buji, ile pesa itapotea. Somo hili linaeleza kwa nini, halafu linaonyesha njia ambayo mwanzoni anaweza kuishika kwa nta tuliyo nayo katika pori letu.

1. Mafuta ya ngazi na nta ya ngazi si kitu kimoja

Fanya jaribio hili nyumbani. Mwezi wa sita au wa saba, wakati wa baridi, weka mafuta ya ngazi katika kopo ya kioo na uiache inje usiku. Asubuhi utaona chini yameganda, juu yako maji maji. Saa sita, jua likipiga, yote yanarudi maji.

Sababu ni hii: ndani ya mafuta ya ngazi kuna sehemu mbili. Moja ni laini, ingine ni ngumu. Zikiwa pamoja, zinayeyuka karibu na degre 35, ni kusema chini ya joto la mwili wa mtu. Buji yenye kusimama peke yake, bila kopo, inaomba kitu kinachokaa kigumu mpaka karibu degre 60. Ikiwa chini sana ya pale, buji itainama juu ya meza mbele hata ya kuiwasha.

Nta ya ngazi yenye kuuzishwa katika masanduku, nyeupe na ya vipande vipande, inatoka katika viwanda, zaidi Malezia na Indonezia. Kule wanatenga sehemu ngumu, halafu wanaingiza gesi ya hidrojeni ndani ya mafuta kwa moto na nguvu kubwa, wakisaidiwa na chuma cha nikeli. Kazi hiyo haifanyiki juu ya mbabula. Kuchemsha mafuta siku nzima hakuyageuzi kuwa nta, kunayaunguza tu.

Zamani vilevile ilikuwa hivyo. Katika miaka ya 1800 viwanda vya Uingereza vilifanya buji kwa mafuta ya ngazi ya Afrika ya Magharibi, lakini vilikuwa na mashine na dawa kali. Na wakati Lever wa Uingereza alipopata mashamba ya ngazi hapa Kongo mwaka 1911, mafuta aliyotafuta yalikuwa kwanza ya sabuni. Hata sisi, faida ya ngazi iko katika chungu cha chakula na katika sabuni. Tuiache pale.

2. Nta tuko nayo: ya nyuki

Pori letu la miombo ni nyumba ya nyuki. Kila mwaka watu wanakamua buki, wanapika pombe ya buki, halafu masega yanatupwa nyuma ya nyumba. Ile inayotupwa njo nta. Inayeyuka kati ya degre 62 na 65, kwa hiyo buji yake inasimama vizuri hata wakati wa joto. Iko na rangi ya dhahabu na harufu nzuri bila kuongeza kitu.

Shika kipimo hiki: kilo 10 za masega yenye buki zinatoa karibu kilo 1 ya nta, mara ingine chini ya hapo. Si nyingi. Njo maana hatutafanya nayo buji nyembamba za kuangazia nyumba wakati umeme unakatika. Buji ya duka ya parafini itatushinda kwa bei kila siku. Sisi tutafanya buji nene ya mapambo, ya ndoa, ya Noeli, ya Pasaka, ya zawadi, ambayo mnunuzi anaichagua kwa uzuri wake.

Neno moja juu ya pori. Mtu anayekata mti ili kupata buki ya siku moja anapoteza mavuno ya miaka. Mzinga wa mbao wenye vijiti juu unakuruhusu kukata masega ya buki na kuacha yale yenye watoto wa nyuki. Koperative inunue nta kwanza kwa wale wanaovuna hivyo.

3. Kusafisha nta

Loweka masega yaliyokamuliwa katika maji ya baridi usiku mmoja, uyaoshe ili buki iliyobaki itoke. Yaweke katika mfuko wa kitambaa (gunia safi linafaa), tia jiwe ndani, funga. Zamisha mfuko katika sufuria ya aluminiumu yenye maji. Usitumie chuma cha kawaida wala shaba, sababu vinaharibu rangi ya nta. Maji ya mvua ni mazuri kupita ya kisima.

Pasha moto kidogo kidogo, bila kuacha maji yatokote kwa nguvu. Kandamiza mfuko kwa miti miwili mpaka nta itoke. Ondoa mfuko, funika sufuria, iache ipoe polepole mpaka kesho yake. Utakuta mkate wa nta juu ya maji. Uchafu unashika upande wa chini: uukwangue kwa kisu. Yeyusha tena na uchuje kwa kitambaa chepesi. Nta yenye uchafu inaziba utambi, na buji inazimika.

4. Vyombo

Kwa kalibu, chukua tiyo ya maji ya plastiki yenye upana wa sentimeta 6 ndani, kata vipande vya sentimeta 12. Pasua kila kipande kwa msumeno upande mmoja tu, toka juu mpaka chini, halafu ukifunge kwa mpira wa ndani wa kinga ukiwa umekatwa kama kamba. Siku ya kutoa buji, unafungua mpira, tiyo inapanuka, buji inatoka bila kuvunjika. Kopo ya tomati haifai: mistari yake inashika nta.

Chini weka kibao chenye tundu dogo katikati la kupitisha utambi. Ziba pembeni kwa udongo wa kichuguu uliokandwa, uuache ukauke vizuri, sababu maji yakikutana na nta ya moto yanaruka. Ndani ya tiyo pakaza maji ya sabuni kidogo sana, na yenyewe yakauke.

Utambi uwe wa uzi wa pamba tupu. Jaribu uzi kwa moto: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, nailoni inayeyuka na kufanya kidonge kigumu. Suka nyuzi kwa mafungu matatu kama nywele. Chovya ndani ya nta iliyoyeyuka, vuta unyooke, uache ukauke.

5. Kumimina

Kalibu ya sentimeta 6, ukiijaza mpaka kimo cha sentimeta 10, inaomba karibu gramu 270 za nta. Basi kilo 1 inatoa buji tatu, na kinachobaki ni cha kujazia.

Usiweke kamwe nta moja kwa moja juu ya makala. Tia sufuria ndogo yenye nta ndani ya kubwa yenye maji. Hapa kwetu Kamina, kwenye kimo cha karibu meta 1100, maji yanatokota karibu na degre 96. Kwa njia hii nta haiwezi kupita pale. Nta iliyo moja kwa moja juu ya mbabula inapanda bila kujionyesha, mpaka inashika moto. Ikishika, hapana kumwagia maji: moto utaruka mpaka kwenye paa. Funika kwa kifuniko, tupia mchanga mkavu, toa makala. Watoto wakae mbali, na mtu mmoja asiondoke kando ya sufuria.

Nta ikiyeyuka yote, iondoe motoni. Subiri mpaka utando mwembamba uanze kuonekana pembeni ya sufuria. Njo wakati wake. Mimina polepole, utambi ukiwa umevutwa katikati na kufungwa juu ya kijiti. Funga kalibu kwa nguo ya zamani ili ipoe polepole. Ikipoa haraka, nta inapasuka. Baada ya saa moja au mbili utaona shimo karibu na utambi, sababu nta inajikunja ikipoa. Jaza tena kidogo. Fungua kesho yake tu.

Kama siku moja koperative inapata nta ya ngazi ya kiwanda, njia ni ileile, lakini hiyo inamiminwa ikiwa moto zaidi, degre 90 na kupita, na inapozwa polepole sana bila kuguswa. Kupoa polepole njo kunaifanya itoe maua ya fuwele juu ya ngozi yake.

6. Jaribio la buji tatu

Hapa njo moyo wa somo. Buji mbaya haiharibiwi na nta. Mara nyingi inaharibiwa na utambi. Mbele ya kutengeneza hamsini, tengeneza tatu zenye ukubwa mmoja, lakini moja iwe na utambi wa nyuzi 9, ya pili nyuzi 12, ya tatu nyuzi 15. Ziwashe pamoja mahali pasipo na upepo, kwa masaa mawili na nusu. Halafu soma:

– Moto umezama katika shimo na pembeni nta iko nzima: utambi ni mwembamba.
– Moto ni mrefu, unatoa moshi, nta inamwagika: utambi ni mnene.
– Ziwa la nta limefika karibu na ukingo na kuacha ukuta mwembamba, moto umetulia: huo njo utambi wenu.

Kama zote tatu zimeshindwa, ongeza au punguza nyuzi na ujaribu tena. Nta ya nyuki inaomba utambi mnene kupita parafini, basi usinakili utambi wa buji ya duka. Andika yote katika kaye: upana, idadi ya nyuzi, masaa. Ukibadilisha upana wa kalibu, jaribio linaanza upya. Buji zilizoshindwa hazipotei, zinayeyushwa tena. Ila jina la koperative likiharibika sokoni, haliyeyushwi.

7. Mapambo na hesabu

Pambo zuri ni lile la kuchonga. Nta ikiwa bado na uvuguvugu, kisu chembamba kinaingia vizuri. Nakshi za Kiluba tunazoziona juu ya viti na mito ya mbao ya kulalia, zile za pembe pembe, zinapendeza sana juu ya nta ya njano. Usichonge kupita milimeta 2. Majani makavu, shanga na vitambaa vikae mbali na buji: moto ukivifikia, vinakuwa utambi wa pili. Rangi ya ukuta na rangi za maji hapana.

Kwa bei, hesabu vitu vitano: nta, utambi, makala, buji zinazovunjika na siku za kazi. Mfano wa kuelewa tu, bei muweke zenu: kama kilo ya nta ni falanga 10 000, buji ya gramu 270 imekula 2 700 mbele ya kitu kingine. Mtu akiiuzisha 3 000 atasema amepata faida ya 300, kumbe hajahesabu uzi, makala wala mikono yake. Na kama kuuzisha nta safi yenyewe kunaleta zaidi, uzisheni nta. Si aibu.

Tafuteni mnunuzi mbele ya kuwasha mbabula. Kanisa Katolika tangu zamani linapenda nta ya nyuki kwa buji za altare: mwende kwa paroko na buji moja mkononi, muulize anataka ukubwa gani na kwa bei gani. Vilevile kwa wanaotayarisha ndoa.

Kazi ya mwezi huu

Kila koperative ikusanye masega yanayotupwa, hata ya kilo 2 tu za nta, na kufanya jaribio la buji tatu. Likelemba ikae kwanza katika sanduku. Mkija katika mkutano ujao, mlete kaye na ile buji iliyobaki na ukuta mwembamba. Tutaiwasha mbele ya wote, na kaye njo itatuambia kama ni wakati wa kutoa makuta.